Kokasi na kura ya mchujo: majibu ya maswali yenu

Nina uraia wa Marekani, naishi Iowa na nafanya zamu ya jioni. Kwa nini kokasi inanipita kila mara?

Kwa sababu kokasi ni mkutano wa chama wa kuchagua mgombea wake, dada yangu. Unaanza saa moja jioni, na asiyekuwepo hahesabiwi. Kura ya mchujo ina kituo kinachofunguliwa asubuhi hadi jioni, na majimbo mengi yanaruhusu kupiga kura mapema au kwa posta. Muuguzi, dereva wa lori, mama asiye na wa kumwachia mtoto, wote hao kokasi inawaacha nje. Tarehe 15 Januari 2024 Warepublican wa Iowa waliitwa kwenye kokasi katika baridi kali ajabu, wakajitokeza takriban 110,000 tu. Mwaka huo Wademokrat walikuwa na nafuu: walichagua mgombea urais kwa kadi za posta.

Ni kweli watu walikuwa wanasimama makundi makundi, kama mlolongo wetu wa 1988?

Kweli, mzee wangu, kwa Wademokrat wa Iowa hadi 2020. Ukumbi wa michezo wa shule, kona hii watu wa huyu, kona ile watu wa yule. Katika vituo vingi kundi lisilofikisha asilimia 15 lilivunjwa, na hapo ndipo jirani anakuja kukushika mkono: njoo kwetu. Bosi wako anakutazama. Shemeji yako anakutazama. Kwenye mlolongo wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, watu walipanga mistari nyuma ya wagombea; aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa, na Wakenya wanakumbuka mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu. Sisemi Iowa ilifikia huko. Lakini mtu anayemtegemea bosi wake kwa mkate hawezi kusimama kwa uhuru mbele ya macho yake, awe Nakuru au Des Moines. Warepublican wa Iowa wao huandika kwenye karatasi, kwa siri, na katika hilo nawapongeza.

Njia ikibadilika, mshindi naye hubadilika?

Tazama jimbo la Washington, 2016. Machi, kwenye kokasi za Wademokrat, walifika watu kama 230,000 na Bernie Sanders akazoa zaidi ya asilimia 70. Mei ikapigwa kura ya mchujo isiyo na nguvu ya kugawa wajumbe, yaani wale wanaokwenda mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea urais: zaidi ya watu 800,000 walipiga, akashinda Hillary Clinton. Wajumbe waligawanywa kwa kokasi. Yaani sauti ya wachache waliopata nafasi ya kuketi mkutanoni ndiyo iliyohesabiwa! Nebraska mwaka huohuo mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kufikia 2020 majimbo yote mawili yalikuwa yamehamia mchujo.

Kokasi haina uzuri wowote?

Inao. Mgombea wako akianguka, unapata nafasi ya kuhamia chaguo la pili. Ila hilo linawezekana kwenye karatasi pia: Wademokrat wa Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming walipanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili na kuendelea, mwaka 2020.

Binti yangu ana miaka 17. Ataruhusiwa kokasi ya Iowa?

Ndiyo, iwapo ni raia na atatimiza 18 kufikia siku ya uchaguzi mkuu wa Novemba. Anaweza kujiandikisha ukumbini jioni hiyohiyo, kwa hiyo mfike mapema.