CRP juu, albumini chini: je, ini la baba limechoka?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, yuko ICU kwa nimonia iliyogeuka sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi hadi viungo kuathirika). Siku ya tatu majibu ya maabara yalitoka hivi: CRP (kipimo cha inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga) 286, albumini 21, hemoglobini 9.1, feritini (protini inayohifadhi chuma) juu sana. Bilirubini na INR, vipimo vinavyoonyesha hali ya ini, tumeambiwa ziko sawa. Kama ini ni zima, albumini imekwenda wapi? Tununue chupa za albumini, au dawa za kuongeza damu?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kwa majibu hayo, ini la mzee linafanya kazi, tena kwa nguvu, ila limebadili kazi.

Bakteria wakishambulia mapafu, chembe za kinga hutoa kemikali za kuuarifu mwili, hasa intalukini-6. Zikifika kwenye ini, seli zake huanza kutengeneza protini za dharura. CRP ni mojawapo. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Huanza kupanda saa 6 hivi baada ya shambulio na kufika kileleni karibu siku ya pili. Hujishika kwenye bakteria na seli zilizokufa ili chembe nyeupe zizitambue na kuzimeza. Ini huongeza pia faibrinojeni ya kugandisha damu, na alfa-1-antitripsini. Hii ya mwisho hulinda mapafu dhidi ya vimeng'enya vya chembe nyeupe zetu wenyewe, maana kinga iliyopandwa na hasira huumiza hata mwenye mwili.

Sasa albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini na kusaidia kushikilia maji ndani ya mishipa. Kwa kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita, na nusu ya albumini ya mwilini huchukua karibu siku 20 kuisha. Kwa hiyo hata ini lingeacha kabisa kuitengeneza, isingeweza kufika 21 kwa siku tatu. Kilichotokea ni kwamba inflamesheni kali imelegeza kuta za mishipa midogo ya damu, na albumini imevuja kwenda kwenye tishu. Maji huifuata, ndiyo maana huenda mmeona miguu na mikono ya mzee imevimba. Dripu nyingi nazo huizimua iliyobaki. Ini kupunguza uzalishaji ni sehemu tu ya sababu.

Hii ndiyo sababu sishauri familia ikimbilie kununua chupa. Utafiti mkubwa wa Italia uliotolewa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa wa sepsisi albumini ili ifike 30, lakini vifo kufikia siku ya 28 havikupungua. Daktari anaweza kuihitaji mgonjwa akishapewa maji mengi ya dripu. Huo ni uamuzi wake. Chakula kwa mpira kiendelee, kwani misuli inakihitaji, ila msitegemee kipandishe albumini wiki hii.

Kuhusu damu: ini hutoa pia hepsidini, homoni inayofunga njia ya madini ya chuma kutoka kwenye utumbo na kwenye ghala za mwili. Bakteria wengi huhitaji chuma ili wazaliane, hivyo mwili unakificha. Feritini juu na hemoglobini inayoshuka huendana na hali hiyo. Vidonge vya chuma sasa havitafyonzwa vizuri, na chuma cha sindano kwa kawaida huahirishwa hadi maambukizi yadhibitiwe. Kuongezewa damu ni jambo jingine. Wagonjwa wengi wa ICU wasio na tatizo la moyo huongezewa hemoglobini ikishuka chini ya 7.

Kinachomtibu mzee ni antibiotiki sahihi, oksijeni na presha kushikiliwa. Fuatilieni mwelekeo wa CRP kuliko namba moja. Ikishuka huku homa inatulia na mahitaji ya oksijeni yanapungua, dawa inafanya kazi. Ila ikishuka huku mzee anazidi kuzorota, bilirubini na INR zikipanda, muulizeni daktari siku hiyohiyo kuhusu ini lenyewe, kwa sababu ini lililofeli hushindwa hata kutengeneza CRP. Dawa zinazozuia intalukini-6, kama tocilizumab, nazo huishusha hata maambukizi yakiwa bado yapo.