Injini imefungwa upya, haijafika mbali inagonga: soma beringi kwanza

SWALI: Assalam aleikum fundi. Niko Mikindani, nna Probox yenye injini ya 1NZ, nabeba mboga kutoka soko la Kongowea napeleka Mariakani. Ilikuwa yala oili nikaipeleka gereji ikafanyiwa ovahoo, ringi mpya, beringi mpya, krenki ikasagwa, pesa zikaenda nyingi. Haijamaliza kilomita 3,000 ikaanza kugonga chini nikipanda Mazeras. Sasa fundi asema ni oili feki nilonunua mimi, muuza oili naye asema ni fundi, na fundi ataka abadilishe beringi tu aifunge kesho kutwa. Nimwachie?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole sana, najua gari ndio riziki. Usimwachie. Beringi mpya (vile vibati vya nusu duara vinavyokumbatia krenki, yaani shafti kuu ya injini) haifi hivihivi, kuna kitu kimeiua, na hicho kitu bado kimo ndani ya injini, ukiweka nyingine juu yake itakufa vilevile na safari hii huenda ikavunja konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) itoboe bloku, yaani mwili wa injini, hapo hata krenki hutaki kuiona.

Mwambie fundi, kwa heshima tu, asitupe kitu na asioshe kitu kwanza. Oili imwagwe kwa beseni safi la rangi nyeupe muione, filta ikatwe ikunjuliwe karatasi yake muangalie vyuma vilivyonasa, mpitishe na sumaku, kinachoshikwa ni chuma, kisichoshikwa ni beringi au pistoni. Halafu kila beringi ikitoka iandikwe namba ya sailinda na kama ni nusu ya juu au ya chini, piga picha na simu. Zikishachanganywa kwenye mkebe mmoja wa petroli basi ushahidi umekwisha.

Sasa zisomeni. Beringi ina mgongo wa chuma, juu yake madini laini, aluminiamu au ya shaba, inategemea na aina. Ukiona mistari ya kuchanika inayozunguka na vichembe vimejidunga ndani ya ule ulaini, huo ni uchafu. Ukiona uso umeyeyuka umesukumwa pembeni, imeng'aa na kuungua rangi, hiyo imekosa oili. Ikiwa nusu ya juu imelika ukingo mmoja na ya chini imelika ukingo wa upande wa pili, konrodi imepinda, na hio hakuna oili duniani itakayoiponya. Mgongo nao uangalieni, ukiwa na alama za kusuguana maana yake beringi ilikuwa inacheza ndani ya nyumba yake, haikubanwa sawa au nati hazikukazwa kwa tokwaroki (spana inayopima nguvu ya kukaza). Na kama ni nusu za juu za konrodi tu zimepondwa zote, hapo ni kipigo cha moto kutoka juu, injini kuchemka au kupigiwa gia kubwa na mzigo mlimani huku raundi ziko chini, kwa hivyo Mazeras shuka gia mapema bwana. (Na kama radieta waijaza maji ya kisima, acha, maji yetu mengi ya kisima huku pwani yana chumvi, yaozesha njia za maji mpaka injini yachemka bila wewe kujua.)

Kuhusu oili feki, sisemi haipo. Lakini oili ni moja na yafika kwa beringi zote, kwa hivyo ikiwa ndio muuaji utaona karibu zote zimechoka, na kemshafti juu (shafti inayofungua valvu) pia ina mikwaruzo. Ikiwa imekufa moja na zingine ziko safi, mimi sitamlaumu muuza oili, nitatafuta kilichoziba hapo au kilichopimwa vibaya hapo.

Kwa yako nashuku vitu viwili kwanza. Krenki ilisagwa, na ikisagwa unga wa jiwe waingia kwenye matundu ya oili ya krenki yenyewe, vilevile bloku ikihoniwa (kuta za sailinda zikisuguliwa kwa jiwe), na watu wengi huosha kwa petroli tu na kupuliza upepo. Petroli haitoi ule unga wote, sailinda zaoshwa kwa maji moto na sabuni na brashi, halafu zapanguswa na kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe, na matundu ya krenki yapitishwe brashi ndefu moja moja. La pili, fungueni sampu (bakuli la oili chini ya injini) muangalie chujio la pampu, silikoni ikipakwa nyingi kwenye sampu vipande vyakatika ndani vyaenda kuziba pale, nimeliona hili mara nyingi mno na laniuma kwa sababu ni kosa la dakika moja.

Kisha pimo. Krenki ikiwa imesagwa milimita 0.25 lazima beringi nazo ziwe za 0.25, na nafasi ya oili kati yao kwa injini kama hii ni ndogo mno, nyembamba kuliko unywele, haipimwi kwa kutikisa na mkono. Muulize ilipimwa na nini na namba ziko wapi. Akiwa nazo, ana haki ya kusikilizwa, akikosa, nusu ya gharama naona ni yake.

Ikifungwa tena fungeni geji ya presha kwenye tundu la swichi ya oili, manake ile taa nyekundu haiwaki mpaka presha iwe karibu kuisha. Na kabla ya kuwasha toeni plagi, mchomoe waya za sindano za petroli, mpige stata mpaka geji ipande. Oili ya kwanza imwage mapema, kwenye kilomita 500 hivi, na ukate filta tena.

SWALI: Yangu yagonga asubuhi tu, ikipata moto yanyamaza. Nayo ni krenki?
Msomaji, Likoni

JIBU: Mara nyingi hio ni pistoni yacheza ndani ya sailinda, ikipata moto yatanuka yanyamaza. Ya konrodi hainyamazi na moto, yazidi oili ikilainika. Zima gari, chomoa waya wa sindano ya sailinda moja, washa usikilize, rudia kwa zote. Kugonga kukipungua kwa moja, ndio hiyo, na kama yagonga hata ikiwa moto usiiendeshe mpaka gereji, ivutwe.