Kipimo kimesoma 640: je, dawa zimeanza kushindwa?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Ninatumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, tangu mwaka 2017, na kila nilipopima wingi wa virusi jibu lilikuwa chini ya 50. Safari hii limekuja 640. Muuguzi wa CTC (kliniki ya tiba na matunzo) aliniambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa sijafika 1,000, lakini mshauri wa hapohapo akanitaka nirudie kipimo baada ya miezi 3. Sijawahi kuruka dozi. Kidonge changu cha TLD, chenye ARV tatu ndani yake, ninakimeza kila usiku kabla ya kulala, pamoja na vidonge vya kuongeza damu nilivyoandikiwa hivi karibuni. Mume wangu hana maambukizi. Nimfuate yupi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, wote wawili wamekuambia kweli, ila wa kumfuata ni yule aliyekutaka urudie kipimo.

Nakala 1,000 kwa mililita ya damu ni mpaka ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) linautumia kumtambua mtu ambaye huenda tiba imeanza kushindwa kwake, na kwa hesabu hiyo wewe bado umo miongoni mwa waliofubaza virusi. Hata hivyo, mpaka huo haumaanishi kwamba aliye chini yake hana la kuangalia. Nchini Afrika Kusini, watafiti walichambua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 70,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa wale ambao virusi vyao vilisoma kati ya 51 na 999 walikuwa na hatari ya tiba kushindwa baadaye inayozidi mara mbili ya wale waliokuwa chini ya 50. Wengi wao walikuwa kwenye dawa za zamani kama efavirenz, ambazo virusi huzizoea upesi kuliko dolutegravir iliyomo ndani ya TLD, kwa hiyo usiichukue hesabu hiyo kama hukumu yako.

Hatari yenyewe hutokana na namna virusi vinavyozaliana. Kila vinapojinakili hufanya makosa, na dawa ikiwa pungufu mwilini, vile ambavyo makosa hayo yamevipa uwezo wa kuistahimili ndivyo vinavyobaki na kuongezeka, hadi usugu unajengeka. Virusi vikishapanda na kubaki juu kwa muda mrefu, CD4, yaani chembe za damu za kinga ya mwili, hushuka, na hapo kifua kikuu na magonjwa mengine nyemelezi hupata nafasi. Wewe hujafika huko. Isitoshe, kipimo kinaweza kupanda mara moja kisha kikashuka chenyewe, na ndiyo sababu hakuna daktari makini anayebadilisha dawa kwa jibu moja kama lako.

Kilichonishtua zaidi katika barua yako ni vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma hujifunga na dolutegravir tumboni, hivyo sehemu ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu, na mtu anayemeza kila siku kwa uaminifu anakuwa kama anayekunywa nusu dozi. Kalsiamu hufanya vilevile. Meza TLD saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Ukitaka kuvimeza kwa pamoja, basi iwe wakati wa kula chakula, si tumbo likiwa tupu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazina nafuu hiyo ya chakula: hizo lazima zitenganishwe kwa saa. Mweleze mtoa dawa kila kitu unachotumia, mitishamba ikiwemo, na ukianza tiba ya kifua kikuu yenye rifampicin sema mapema, kwa kuwa dozi ya dolutegravir huongezwa iwe mara mbili kwa siku.

Ukishatenganisha saa, endelea na TLD bila kukatisha, kisha rudia kipimo baada ya miezi 3. Kikirudi chini ya 50, sababu tutakuwa tumeipata. Kikizidi 1,000, timu ya kliniki itaamua kuhusu kipimo cha usugu au kubadilisha dawa.

Kuhusu mume wako, WHO ilieleza mwaka 2023 kwamba kwa aliye na nakala 1,000 au pungufu, uwezekano wa kumwambukiza mwenza kwa kujamiiana ni mdogo mno, karibu na sifuri. Sifuri kamili ni kwa yule ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Mkitaka utulivu wa moyo katika miezi hii, tumieni kondomu, au yeye aulize kliniki kuhusu dawa kinga ya PrEP.