Upepo hutangulia mvua: maswali yenu kuhusu Ziwa Kivu mwezi huu wa kumi na moja

Mvua za mwisho wa mwaka zilianza mwezi wa tisa, na kwa kawaida hazitulii kabla ya katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Kila Ijumaa jioni, Goma hadi Bukavu, watu wanaulizana lilelile: kesho ziwa litakuwaje? Wavuvi wanauliza kwa sababu ya nyavu, akina mama wa soko kwa sababu ya mizigo, vijana kwa sababu ya harusi na matembezi. Nawajibu hapa wale walioniandikia.

Simu yangu iliandika jua kwa Jumamosi. Tukatoka kwenda kisiwa cha Idjwi, na saa nane mchana dhoruba ikatukuta katikati ya maji. Nifute programu hiyo? (Ndugu wa Nguba, Bukavu)

Usiifute, ndugu, ila ujue inaona nini. Programu hizi hugawa dunia katika miraba ya kilomita kadhaa, mingine zaidi ya 10, na kila mraba hupewa hali moja tu ya hewa. Ziwa letu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, limebanwa na milima ya Mitumba upande wa magharibi na milima ya Rwanda upande wa mashariki. Mraba mmoja unaweza kumeza maji, bonde na kilele kwa pamoja, kisha simu ikakupa jibu moja kwa vyote vitatu. Tena mvua yetu ya mchana haitoki mbali. Inazaliwa hapahapa juu ya vilima, jua likishapasha udongo uliolowa, na inapiga siku hiyohiyo. Ijumaa usiku hakuna mtu wala kompyuta inayojua kama wingu litakua juu ya Kalehe au juu ya Katana.

Simu iulize swali pana: je, siku mbili hizi hewa ina unyevu mwingi au kidogo? Sikiliza pia matangazo ya METTELSAT, shirika la hali ya hewa la Kongo, na ya Meteo Rwanda kwa upande wa Rubavu na Rusizi, maana maji ni yaleyale. Ukiwa na intaneti asubuhi, angalia picha za satelaiti ya Meteosat, ambazo hutoka kila dakika 10 hadi 15. Doa jeupe linalokua haraka kwenye picha tatu mfululizo ni habari ya kweli kuliko utabiri wa jana.

Halafu inua macho. Ikifika saa nne asubuhi, kama mawingu juu ya vilima yanapanda kama marobota ya pamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, mchana utakuwa mgumu. Kilele cha wingu kikianza kutanda kama mwavuli, muda wa kufikiri umekwisha. Geuza.

Kwa nini upepo unakuja kabla ya mvua yenyewe? Na nikiuhisi, nabaki na dakika ngapi? (Kijana mvuvi, Kalehe)

Mwanangu, swali lako ndilo ningependa kila mtu anayepanda chombo alijue jibu lake.

Ndani ya wingu kubwa mvua inaponyesha, matone yake hupoza hewa inayoyazunguka. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inaporomoka pamoja na mvua. Ikifika chini haina pa kwenda ila kusambaa pande zote, kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Ukingo wa hewa hiyo hukimbia mbele ya mvua. Wewe bado unaona mvua iko mbali, pazia la kijivu juu ya mlima, na tayari upepo umeshakufikia. Mara nyingi hutangulia kwa dakika 10 hadi 20, na pengine chini ya hapo.

Sasa piga hesabu. Kwa kasia, mtumbwi wenye mzigo hufanya kama kilomita nne au tano kwa saa. Dakika 15 ni kilomita moja tu. Ndiyo maana nasema: mawingu yakishaanza kupanda, usiwe zaidi ya kilomita moja kutoka nchi kavu, na uwe unajua ni ghuba gani ndogo utakayoikimbilia. Ukingo wenye mawe si kimbilio.

Dalili za mwisho ni tatu. Upepo mdogo uliokuwepo unakatika ghafla. Ubaridi unakugusa shavuni, kama mtu amefungua mlango wa chumba cha barafu. Na kwa mbali juu ya maji unaona mstari mweusi unaokuja. Mstari huo ni maji yaliyokwisha kukunjwa na upepo.

Usilinganishe mawimbi yetu na yale ya bahari. Baharini wimbi kubwa laweza kuwa refu, likakubeba na kukushusha polepole. Hapa upepo wa kilomita 50 kwa saa, ukipata kilomita 20 za maji matupu, unaweza kuinua mawimbi ya mita moja na zaidi, yanayofuatana kila baada ya sekunde nne hivi. Mtumbwi haujamaliza kushuka kwenye la kwanza, la pili limeshaingia ndani. Yakikukuta, yaelekee kwa pembe kidogo, usiyape ubavu, na mwenzako mmoja kazi yake iwe kuteka maji tu.

Baba yangu alivua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, miaka mingi. Kulikuwa na jioni ambazo alitazama upande wa Mitumba, akafunga kamba tena, akarudi nyumbani. Wenzake walitoka. Mara nyingi dhoruba haikuja, na wenzake walirudi na samaki, nasi tukala sombe, majani ya muhogo, bila kitu. Mama alikasirika waziwazi. Baba hakuwahi kujitetea, na jioni iliyofuata alitazama upya. Nilichelewa kuelewa kwamba ule usiku wa sombe tupu ndio bei yenyewe, na aliilipa akijua.

Radi ilipiga mtumbwi kijijini kwetu, kijana mmoja akafa. Sasa watu wanasema mjomba wake ndiye aliyeituma. Wewe unasemaje? (Mama, karibu na Sake)

Mama, pole sana kwa msiba. Nitasema bila kuzunguka: asiguswe huyo mjomba.

Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya mimweko ya radi duniani kote, iliyokusanywa na chombo cha angani kwa miaka mingi. Mahali pa kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili duniani, na pa kwanza Afrika, ni Kabare, hapo juu ya Bukavu, penye mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake yenu imo katika tano za kwanza, kama 143. Kwa hesabu hiyo, radi ingetupiga hata kama kila mjomba wa Kivu angekuwa mtakatifu. Ni milima mirefu, joto la jua na unyevu wa ziwa na wa misitu ya magharibi vinavyokutana mahali pamoja.

Juu ya maji, kichwa cha mvuvi ndicho kitu kirefu kuliko vyote. Ndiyo sababu wanapigwa. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, wingu liko ndani ya kilomita 10, nalo linaweza kukupiga. Toka majini. Ukishindwa kufika, laza miti mirefu, acha wavu, jikunje chini katikati ya mtumbwi, miguu pamoja, usishike chuma wala kutia mkono majini. Hakuna dawa ya uhakika kwenye mtumbwi wazi, nami sitakudanganya.

Na jambo hili lifike kijijini kabla ya mazishi mengine: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshikeni mara moja. Kama hapumui, mbonyezeni kifua kwa nguvu na haraka, na mmpulizie hewa mdomoni, bila kuacha. Wengine huamka. Kuna watu waliokufa kwa sababu jirani waliogopa kuwagusa.

Kila juma napeleka maharagwe na vitunguu kutoka Minova hadi Goma. Nitajuaje boti imejaa kupita kiasi, wakati kila mara imejaa? (Mama mfanyabiashara, Minova)

Mama, hakuna aliyesahau tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyotoka kwenu Minova, imejaa kupita kiasi, ilipinduka watu wakiwa tayari wanaiona Kituku, bandari ya hapo Goma, na makumi ya wenzetu walikufa. Mwezi wa nne wa 2019 pia tulipoteza watu wengi katika maji haya, na baada ya hapo ikaamriwa kwamba kila abiria avae jile, yaani koti la kuokolea majini.

Usihesabu watu, maana hutawamaliza. Tazama ubavu wa boti ukiwa bado gatini. Kati ya maji na ukingo mimi nataka kuona, kwa uchache, urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole. Chini ya hapo sipandi. Kisha tazama mzigo ulipo. Magunia yakiwa chini, boti inakaa imara. Yakipangwa juu ya paa na watu wakakaa juu yake, hata ziwa tulivu linatosha kuipindua, kwa sababu uzito umepanda. Mwisho, tazama watu wanapoingia: boti ikilala upande mmoja na ikachelewa kurudi, imekwisha kukujibu.

Jile zikiwa zimefungwa kwa kamba chini ya mizigo, hesabu kwamba hazipo. Vaa yako kabla ya kuondoka na ufunge vifungo vyote. Mwambie mwenzako akunyanyue kwa mabega ya hiyo jile: ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini itakuacha. Mtoto apewe yake ya kimo chake. Kumpakata si ulinzi.

Najua kwamba ukishuka, vitunguu vinaoza na mkopo wa kikundi unasubiri. Lakini mkiwa akina mama watano na mkakataa kupanda pamoja, mwenye boti anapoteza mizigo mitano na nauli tano, na hapo husikiliza. Ongeeni mapema, siku ya soko, si gatini.

Mbona mwezi ukiwa mpevu sambaza zinapungua sokoni na bei inapanda? (Muuzaji, Birere)

Sambaza huvuliwa kwa taa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti, taa zinawaka usiku, samaki wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina taa, na ile ya mvuvi haivuti tena. Weka akiba ya zilizokaushwa wiki moja kabla. (Samaki huyu si mwenyeji hapa: aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Huko wanamwita ndagala.)

Dhoruba kubwa inaweza kuamsha gesi ya ziwa ikatuua sote? (Mwanafunzi, Himbi)

Dhoruba, hapana. Gesi nyingi, iliyoyeyuka ndani ya maji, imelala chini ya mita 260, katika maji mazito yenye chumvi ambayo hayapandi kwa urahisi. Upepo hukoroga tabaka la juu tu. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia ziwani, na gesi ya chini haikuamka. Volkano ndiyo wanasayansi wanayoichunga kwa sababu hiyo, kwa hiyo fuata taarifa za kituo cha volkano, OVG. Lakini gesi iliyo karibu na wewe ni nyingine, na inafuata hapa.

Vijana wa parokia wanataka kulala ufukoni upande wa magharibi wa Goma, kutoka Jumamosi hadi siku ya Mungu. Tuogope mvua? (Kiongozi wa vijana)

Mvua itawalowesha tu. Ninachokiogopa zaidi kwenu ni alfajiri tulivu, yaani ile hali ambayo majini tunaiomba.

Upande huo, kuelekea Sake, kuna mazuku: hewa ya kaboni (CO2) inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo kati ya mawe ya lava. Haionekani wala hainuki. Usiku bila upepo hujaa, na asubuhi na mapema huwa mbaya kuliko saa nyingine. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto au mbuzi akaanguka palepale.

Msilale shimoni wala kwenye bonde, hata kama ndipo palipo na kinga ya upepo. Waulizeni wenyeji, wanayajua mashimo yao kwa majina. Mkiona ndege au mijusi waliokufa, hameni. Mshumaa ukishushwa na kuzimika bila upepo, hapo si pa kuweka kichwa. Na mmoja wenu akianguka shimoni, wa pili asimfuate akiinama, maana ndivyo wanavyokufa wawili. Avutwe kwa kamba au mti. Mimi ningelala kwenye ukumbi wa parokia na kushuka ufukoni jua likiwa limepanda.

Tunafunga ndoa Jumamosi, na tungependa kupiga picha kwenye kisiwa cha Tchegera. Tutoke saa ngapi? (Wachumba, Goma)

Hongereni. Pigeni picha kabla ya misa. Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mawingu hayajaanza kujenga, na saa nne muwe mmeshafunga gati Goma. Jile zivaliwe safari nzima, na mzivue tu mkiwa nchi kavu mkipiga picha. Bibi harusi asivae gauni refu ndani ya boti: likilowa ni zito, na linafunga miguu. Alibebe ndani ya mfuko wa plastiki, avalie kisiwani. Na mwambieni mwenye boti leo, mbele ya mashahidi, kwamba akitazama mbingu Jumamosi asubuhi akasema hapana, mtamlipa nusu na hamtamkasirikia.