Jengo halikimbii mkuu, achana na hiyo lenzi

Wee ngoja kwanza, hiyo hela bado unayo? Umesema unataka kupiga picha majengo ya Posta, katikati ya Dar, saa tatu usiku kutokea Kigamboni ng'ambo ya maji, na kuna mtu kakushauri ununue lenzi ya f/1.4, ile ya tundu kubwa linalomeza mwanga mwingi, "kwa sababu usiku mwanga hakuna". USINUNUE.

Mimi jamaa mmoja wa duka huko Kariakoo alinijaza maneno hayo hayo, nikauza lenzi yangu ya 18-55, ile ya kupanua na kuvuta, nikaongezea hela ya kodi nikachukua 50mm f/1.4, mke wangu mpaka leo anaiita "mke mwenza". Nikaenda Kigamboni nimesimama kifua mbele, kamera mkononi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) nimeipandisha 6400, tundu la lenzi wazi kabisa. Picha zikatoka chengachenga, majengo ya pembeni yamefifia, minara pacha ya PSPF imetikisika kama ina homa, na nusu ya mji iko nje ya fremu maana 50mm kwenye kamera ndogo inabana mno na ya kupanua nishaiuza! Yule bwana kumrudia ananiambia eti shida ni mkono wangu. Si ungesema mapema sasa, ukaniuzia tripodi, kisimamio cha miguu mitatu?

Lenzi ya hivyo ni ya harusini ukumbini, watu wanacheza. Jengo la Bandari litacheza lini? Nunua TRIPODI, tena nzito, zile nyepesi upepo wa bahari unazilaza. Weka lenzi yoyote uliyonayo, ISO 100, f/8 (tundu umelibana), shata ikae wazi sekunde kama 10 hivi, taima ya sekunde 2 ili usiiguse kamera, kitu cha kuzuia mtikisiko kizime. Maji yanalainika, taa zinatoa vimiale, bure kabisa. Ila usipigie kwenye kivuko, injini inatetemesha mpaka meno, na upande wa Magogoni karibu na Ikulu begi lenyewe usifungue.

Halafu saa tatu usiku unafuata nini? Anga limeshakuwa lami. Kwetu giza halibembelezi, adhana ya magharibi ikikukuta tripodi imesimama una kama nusu saa ya ule ubluu, basi.

Tripodi mkuu, tripodi. Na kama bado roho inataka f/1.4, usiende dukani, njoo inboksi, ninayo moja haijachoka kabisa.