Utamu Ulikolea Wapi? Majibu kuhusu kuhakiki hadithi za maajabu za Kiingereza

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtoto amepewa kitabu cha Kiingereza chenye wachawi, mazimwi na wanyama wanaosema, kisha ameambiwa akihakiki. Barua ndefu tumezifupisha.

*Assalaam alaykum wahariri. Nafunza Kiingereza gredi ya 5. Nikiwaambia wanafunzi waandike uhakiki wa hadithi waipendayo, wananihadithia kitabu kizima, kisha mwisho wanatia "I like this story because it is good." Madaftari 38, sentensi ni hiyo hiyo. Nifanyeje?* — Mwalimu, Lamu

Waalaykum salaam, mwalimu. Wanafunzi wako wana sababu. Huku kwetu msimulizi hodari ni yule anayeifikisha hadithi mwisho. Anayekatiza njiani hulalamikiwa na waliokaa kumsikiliza. Ukimwambia mtoto "nieleze kuhusu kitabu", yeye husikia "nihadithie". Basi badilisha swali, na swali lenyewe wanalo tangu utotoni: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Muulize, utamu ulikolea wapi? Ukurasa gani, mstari gani? Mpe kila mmoja ukanda wa karatasi wa upana wa vidole viwili auweke pale pale. Asiyeweza kuchagua ukurasa bado hajawa tayari kuandika, arudi kusoma.

Kazi hiyo ifanyeni kwa mdomo, kwa Kiswahili, kipindi kizima cha dakika 35. Kuna walimu watakaokunja uso, maana kuanzia gredi ya 4 masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Waache wakunje. Mtoto anayetafuta maoni na maneno ya Kiingereza kwa pamoja huyaachilia maoni akashika maneno machache anayoyajua, na hapo ndipo "it is good" inapozaliwa.

Kipindi cha pili ni cha sharti. Hakuna hadithi ya maajabu isiyokuwa na sharti, na mtoto wa pwani analijua jambo hili vizuri: pete haimwiti jini mpaka isuguliwe, vyumba sita unaruhusiwa kufungua lakini cha saba usikiguse. Chora ubaoni safu tatu: kitu au kiumbe cha ajabu, sharti lake, na kilichotokea lilipofuatwa au kuvunjwa. Chukua *The Lion, the Witch and the Wardrobe* cha C. S. Lewis, cha mwaka 1950. Watoto wanne wanapitia kabatini, wanaishi nchi ya ajabu ya Narnia mpaka wanakuwa watu wazima, na wakirudi wanakuta huku nyumbani wakati haukusogea. Hilo ni sharti la wakati. Mwanafunzi akishaliona ana jambo la kupima: je, mwandishi alilishika sharti lake hadi mwisho, au alilitupa alipokwama? Swali hilo moja hutoa maoni mengi kuliko orodha ya maswali kumi ya ufahamu.

Kipindi cha tatu ndipo waandike. Sentensi nane, maneno 80 hadi 100. Ya kwanza itaje kitabu na mwandishi. Mbili zieleze nani yuko wapi na anataka nini, kisha zikome kabla tatizo halijatatuliwa. Tatu ziwe za utamu ulipokolea, na moja kati yake iwe na "because" inayoelekeza kwenye ukurasa wenye ukanda. Moja ya kasoro. Moja ya mwisho iseme kitabu kinamfaa nani, na hapo usikubali "everyone". Mtoto amtaje mdogo wake, au mwenzake anayeogopa giza.

Sehemu mbili huharibika. Ya kwanza ni zile sentensi mbili za muhtasari, ambazo hujivuta zikawa kumi na mbili. Dawa yake ni neno "then". Ruhusu moja tu kwa daftari zima. Kila jingine lipigwe mstari na mwandishi mwenyewe. "Then" ndiyo injini ya kuhadithia, na ukiizima chombo husimama. Ya pili ni sentensi ya kasoro. Wengi huiacha wazi, na si kwamba hawana la kusema. Wanaona ni utovu wa adabu kukikosoa kitabu alicholeta mwalimu. Anza wewe: kosoa picha iliyokaa mbali na tukio lake, sura iliyorefushwa bila haja, vita vilivyomalizika kwa kurasa mbili baada ya kungojewa kitabu kizima. Wakishakusikia hawatanyamaza.

Kipindi cha nne wabadilishane madaftari, na kila msomaji ajibu kwa mdomo: "Umenitia hamu, au umenimalizia?"

*Wahariri, hongereni kwa kazi. Mimi mwalimu Malindi. Maoni wanafunzi wangu wanayo, Kiingereza ndicho kinachowaangusha. Makosa ni yale yale kila wiki. Nianzie wapi?* — Mwalimu wa gredi ya 6

Anzia kwenye yale yanayotoka moja kwa moja katika Kiswahili, kwa kuwa hayo hayaondoki kwa kusahihishwa kwa kalamu nyekundu pekee.

Kubwa ni "he" na "she". Sisi tuna "yeye" na "a-", basi. Mtoto hana mazoea ya kujiuliza jinsia kila anapomtaja mtu, kwa hiyo mchawi wa kike anaanza "she" mstari wa kwanza na kuwa "he" mstari wa tatu. Kabla ya kuandika, waorodheshe wahusika juu ya ukurasa na mbele ya kila mmoja waweke he, she au it. Zimwi na mnyama anayesema wasibahatishe: watazame mwandishi mwenyewe amemwitaje, wafuate.

Kisha "sweet". Hadithi tamu ni sifa kubwa kwetu, lakini "a sweet story" kwa Mwingereza ni hadithi ya upole na mapenzi, na mtoto ameiandika kuhusu joka linalomeza watu. Wape "exciting", "funny", "scary" na "strange", manne tu, wayatumie mpaka yazoeleke. "I heard a bad smell" inatoka katika kusikia harufu. Kiingereza harufu haisikiwi, kuna kitenzi chake, "smell". Na "although" ikifuatwa na "but" katika sentensi moja ni ile ingawa na lakini yetu; wachague moja.

Kuhusu nyakati, wakubwa husema muhtasari uandikwe kwa wakati uliopo. Ni kweli, lakini kwa gredi ya 6 tungeliacha hilo. Wakiandika uhakiki mzima kwa wakati uliopita bila kuchanganya, wamefanya vizuri.

*Nilimnunulia binti yangu wa miaka 10 Alice's Adventures in Wonderland, kile kizima, kwa kuwa kila mtu anakisifu. Amefika ukurasa wa nne akakiweka. Je, ni mvivu?* — Mama, Malindi

La, mama. Lewis Carroll alikitoa mwaka 1865 kwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza, na mchezo wake mkubwa ni wa sauti za maneno. Katika sura ya 3 panya anasema ana "tale", yaani kisa, Alice anasikia "tail", mkia, na kisa chenyewe kikapigwa chapa kikipinda kama mkia. Kichekesho hicho anayejifunza lugha hukikosa, na kukieleza ni kukiua. Mashairi mengi ya humo nayo yanadhihaki mashairi ya shuleni ya enzi ile, ambayo leo hata Uingereza watoto wengi hawayajui.

Mpe kwanza kisa kwa Kiswahili. Kuna tafsiri ya mwaka 1940, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na mpya ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*. Akishamjua sungura mwenye saa na malkia anayeamuru watu wakatwe vichwa, mpe toleo la Kiingereza lililorahisishwa. Vitabu vya aina hiyo huandikwa ngazi na idadi ya maneno ya msingi: katika mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, ngazi ya 1 ina 400, ya 2 ina 700, ya 3 ina 1,000.

Kabla ya kulipa dukani, fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza, maana wa kwanza mara nyingi ni mwepesi. Hesabu maneno 100, majina ya watu usiyahesabu. Binti aoneshe asiyoyajua. Yakiwa mawili au pungufu, atasoma peke yake. Matatu hadi matano, asome na mkubwa. Zaidi ya hapo, kirudishe rafuni kingoje mwaka ujao. Kipimo cha maneno 98 yanayojulikana katika kila 100 kilipendekezwa na watafiti Hu na Nation mwaka 2000, na mpaka leo hatujaona kilicho rahisi zaidi kwa mzazi. Ila usikubali "nalijua" kwa sababu tu amelitamka sawasawa. Mwambie aoneshe kwa mkono au aseme kwa Kiswahili.

Hadhari nyingine: *The BFG* cha Roald Dahl, cha mwaka 1982. Kitamu sana kikisomwa kwa sauti, lakini jitu lile hubuni maneno yake, na mtoto mwenye bidii atayatafuta kwenye kamusi mpaka ajione mjinga. Kisome naye, au kisubiri.

*Mwanangu wa kiume ameleta uhakiki wa The Wizard of Oz. Nashuku ameangalia filamu tu. Nitajuaje?* — Baba, Lamu

Muulize viatu vya Dorothy, msichana mwenye kisa, vina rangi gani. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900 ni vya fedha. Vyekundu ni vya filamu ya mwaka 1939. Akiponea hapo, muulize kama safari yake ya nchi ya Oz ilikuwa ndoto. Filamu inaifanya ndoto. Kitabuni msichana alikwenda kweli na kurudi kweli. Ukimkamata, usimnyang'anye kalamu. Mpe kitabu, aandike upya tofauti tatu alizoziona na aseme ipi bora. Huo ni uhakiki mzuri kuliko ule alioazima.

Kitabu chenyewe kinamfaa anayejifunza. Sentensi zimenyooka, sura ni fupi, 24 zote, na kila mwenzi mpya anayekutwa njiani anaeleza tena haja yake: ubongo, moyo, ujasiri. Marudio hayo yanamchosha mkubwa lakini mtoto anashukuru, kwa kuwa neno lililompita sura ya 3 linamrudia sura ya 6.

*Jirani yangu anasema vitabu hivi vya wachawi vitamharibu mtoto imani. Mtoto anasoma chuoni, yaani madrasa, jioni na sitaki kumchanganya.* — Mama wa watoto watatu, Mkomani

Dada, hilo ni lako na mzee wa nyumba kuamua. Sisi tutakupa njia ya kukagua tu. Soma sura ya mwisho na sura moja ya katikati. Tazama uchawi unafundishwa kama kazi ya kufanywa, au ni chombo cha kisa kama jini wa Alfu Lela Ulela, ambaye mabibi zetu wamemsimulia miaka na miaka. Huko Oz, mchawi mkuu anagunduliwa kuwa mtu wa kawaida aliyejificha nyuma ya kiwambo akibabaisha watu.

Moyo ukikataa bado, kuna *The Gruffalo* cha Julia Donaldson, cha mwaka 1999. Hamna uchawi humo. Panya mdogo anawatisha mbweha, bundi na nyoka kwa zimwi la kutunga, kisha anakutana na zimwi lenyewe. Mtoto atamtambua Sungura wetu papo hapo, na vina vyake vinashika kichwani bila kukaririshwa. Na kwa kuwa umeuliza mambo ya imani: *Charlotte's Web* cha E. B. White kinasifiwa kila mahali, na kwa haki, lakini shujaa wake ni nguruwe. Kusoma habari za nguruwe si kumla, ila darasani patakuwa na vicheko na pengine mzazi mmoja mlangoni, basi mwalimu ajue mapema.

*Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitamsaidiaje?* — Bibi, Matondoni

Shikamoo, bibi. Mjukuu asome ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kisha akuhadithie kwa Kiamu kilichotokea. Akibabaika, hakuelewa, arudie ukurasa. Dakika 15 zinatosha. Wewe uliza tu: "Sharti lilikuwa nini?"

*Tuna nakala tatu, wanafunzi 40. Je, nitoe fotokopi?* — Mwalimu, Malindi

Vitabu vya waandishi wa karibuni, usitoe, hakimiliki ingalipo. Oz na Alice vimeshatoka katika hakimiliki na vinapatikana bure mtandaoni, katika maktaba ya Project Gutenberg. Kwa gredi za chini tazama tovuti ya African Storybook: hadithi fupi zenye picha, zimepangwa kwa ngazi, nyingi ziko kwa Kiswahili na Kiingereza, na leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapisha. Chapisha lugha zote mbili za hadithi moja, Kiswahili kisomwe leo na Kiingereza kesho.

Nakala moja kwa wanafunzi wanne inatosha, mmoja akisoma na watatu wakifuata kwa macho. Wakizidi wanne, wa pembeni husoma kichwa chini au hasomi kabisa. Vijitabu mvishone kwa uzi mnene matundu matatu kwenye mkunjo, msitumie pini. Hewa ya bahari huzitia kutu, na kutu hula karatasi kuanzia katikati, kurasa zikaanza kutoka moja moja kabla muhula haujaisha.