Timu ya pili: kwa nini mnazi (shabiki sugu) wa Simba au Yanga anaihitaji, na wapi huwa inaharibika

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu aliye tayari kununiana na shemeji yake kwa ajili ya Yanga, Jumamosi hiyohiyo akae kwenye kibanda cha kuonyesha mpira na jezi ya Arsenal, na kama huo si usaliti. Umeuliza pia, kwa kuwa wewe ni Simba na unatoka Mbeya, kama unaweza kuichukua Mbeya City bila kuchekwa. Nianze na la kwanza.

Si usaliti. Timu ya pili inafanya kazi ambayo ya kwanza haiiwezi. Ukiijua kazi yenyewe, unaweza hata kukisia ushabiki huo utadumu muda gani. Sharti ni moja tu: timu zako mbili zisigombee kitu kimoja. Siku zinapogombea, moja inakufa, na si ile ya utotoni.

Watu wengi hukimbilia kutaja mapenzi, lakini sababu ya kwanza ni kalenda. Ligi yetu ina timu 16, maana yake kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu. Toa wiki za Taifa Stars, toa AFCON au CHAN ikiangukia katikati, halafu weka viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Simba na Yanga zikiwa kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, mechi zao za ligi zinasogezwa. Unaweza kukaa wiki mbili tatu timu yako haijagusa mpira wa ligi, kisha inamaliza viporo mfululizo, kimojawapo saa 10 jioni siku ya kazi, wewe uko kwenye daladala unasikiliza redio ya konda.

Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38 na saa zake zinakaririka. Ya mapema Jumamosi ni saa 8:30 mchana kwetu, kundi kubwa saa 11 jioni, ya mwisho saa 1:30 usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo kwetu kila kitu kinachelewa saa nzima: 9:30, 12 kamili, 2:30. Inabaki hivyo mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Ligi ya Mabingwa nayo inatoka saa 4 usiku na kwenda saa 5. Hapo ndipo watu wanapokosea kuchagua. Mtu anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi mzigo sokoni anachukua timu ya Hispania, ambayo mechi zake kubwa mara nyingi zinaanza saa 5 usiku wakati wa baridi yao. Kufika Februari anaishia kuuliza matokeo asubuhi. Timu unayoijua kwa matokeo tu haimalizi msimu moyoni.

Halafu kuna kibanda umiza chenyewe. Ubao wa chaki mlangoni, mechi tatu zimeandikwa kwa mpangilio wa saa, kiingilio shilingi 500 au 1,000, benchi la mbao lisilo na egemeo, feni moja inayompuliza mwenye kibanda. Ukiingia mle huna timu, unakaa kama mgeni msibani asiyemjua marehemu: wenzako wanasimama, wewe unaangalia kama usimame. Wengi hawakuichagua timu ya Ulaya kwa kuisoma. Waliingia kibandani, wakakuta upande mmoja una kelele za kuvutia, wakahamia huko.

Ndiyo maana timu ya Ulaya mara nyingi inataja umri wa mtu. Waliokuwa shule ya msingi mwaka 1999 wameshiba Manchester United ya makombe matatu. Waliofuata wana Arsenal ya 2003/04 iliyomaliza ligi bila kufungwa, tena ikiwa na akina Kanu, Lauren na Kolo Touré, sura za Afrika ndani ya timu inayocheza mpira mtamu. Kisha kuna kizazi cha Chelsea ya Drogba na Essien, kilichofika kilele 2012 Munich pale Drogba aliposawazisha dakika ya 88 na kupiga penalti ya mwisho. Anayekwambia ana miaka 40 na amekuwa Manchester City tangu utoto, mwangalie vizuri.

Rangi huku haihesabiki. Yanga haitaki wekundu wa Simba hata kwenye nembo ya mdhamini, na hilo lilishawahi kuzua mvutano kwenye ligi. Lakini mwanachama huyohuyo wa Jangwani, makao ya Yanga, anavaa nyekundu ya Manchester United bila wasiwasi. Sababu ni lile sharti: United na Simba hazigombei chochote.

Baada ya timu ya Ulaya ya kibandani, aina ya pili ni timu inayokuja na mchezaji. Hii ndiyo yenye joto zaidi, na ndiyo inayovunjika haraka zaidi. Mfano wa kitabuni ni Samatta, mshambuliaji wetu wa Taifa Stars. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe 2011, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Januari 2016 akatua Genk. Pale alikaa miaka minne, ikaingia ubingwa wa Ubelgiji 2018/19, na waliomfuata walipata muda wa kuwajua mpaka mabeki wake. Januari 2020 akaenda Aston Villa. Kurasa za Villa mitandaoni zikajaa Kiswahili na bendera za Tanzania, watu wakaanza kuzungumzia hatari ya Villa kushuka daraja kana kwamba ni timu ya mtaani kwao. Alifunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga tena Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya City tarehe 1 Machi, zote Villa ikalala 2-1. Mechi 14 za ligi, goli moja, na Septemba mwaka huohuo yuko Fenerbahçe. Jezi za rangi ya zabibu zikageuka nguo za kulalia.

Tofauti ya Genk na Villa ni muda tu. Ukimfuata mchezaji, ihesabu timu yake kama nyumba ya kupanga. Kabla ya kununua jezi angalia mambo mawili: mkataba wake unaisha lini, na kama amenunuliwa au yuko kwa mkopo. Akiwa kwa mkopo, usinunue jezi kabisa, nunua skafu. Halafu jipe msimu mmoja mzima bila kutangaza. Kama baada ya yeye kukaa benchi mechi tano bado unatafuta matokeo ya timu, basi timu imekuingia. Kama unauliza tu "kaingia dakika ya ngapi?", wewe ni shabiki wa mtu, na si dhambi, ila jua hivyo. Kwa taarifa yenu, wachache waliobaki Villa baada ya Samatta walikula matunda: ilimaliza ya nne 2023/24 na kwenda Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Wakenya walipitia hayohayo na kiungo wao Wanyama. Celtic ikawa yao alipoifunga Barcelona kwa kichwa Novemba 2012, mechi ikaisha 2-1. Mwaka uliofuata yuko Southampton, 2016 yuko Tottenham. Ukifuata kwa mwendo huo unamaliza kabati.

Hatari kubwa zaidi ni mchezaji anayehamia ndani ya Afrika, kwa sababu huko timu zinakutana. Chukua Chama, kiungo wa Zambia. Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco 2021, na mashabiki wa Msimbazi, yaani Simba, wakaanza kuipenda Berkane kwa ajili yake. Januari 2022 akarudi Simba, lakini kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho hakuruhusiwa kuichezea, kwa kuwa alishacheza mashindano hayohayo akiwa Berkane. Na nani alikuwa kundi moja na Simba? Berkane. Mwaka 2024 akasaini Yanga. Mwaka 2025, kwenye fainali ya kombe hilohilo la Shirikisho, Berkane ikaichapa Simba 2-0 kwao na kutoka sare 1-1 Zanzibar, ikabeba kombe. Aliyekuwa na jezi ya Berkane ndani ya nyumba ya Simba alipigwa kila upande.

Yanga wao walibahatika na mshambuliaji wao Mayele. Aliondoka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, mitaa ya Dar ikamsindikiza kwa kutetema, ile staili yake ya kushangilia goli, na Juni 2025 alifunga kwenye mechi ya pili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns, Pyramids ikawa bingwa wa Afrika. Ila siku Pyramids na Yanga zikipangwa pamoja, tuongee tena.

Sasa nije kwenye aina ya tatu, ambayo wengi hawataki kuiita timu ya pili, lakini ndiyo ya Kitanzania hasa: timu ya kukodi. Unaikodi kwa dakika 90 au kwa wiki moja ili mtani wako alie. Mei 2021, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Kaizer Chiefs iliipiga Simba 4-0 Johannesburg, Jangwani wote wakawa Amakhosi, kama Chiefs wanavyojiita. Wiki moja baadaye Simba ikashinda 3-0 Dar, haikutosha, na Chiefs ikarudishwa kwa mwenyewe.

Utamu wa jambo hili ulionekana robo fainali ya mashindano hayohayo 2024. Ijumaa ya Machi 29, Simba ilicheza na Al Ahly Kwa Mkapa, uwanja wa taifa wa Dar. Jumamosi ya 30, palepale, Yanga ikacheza na Sundowns. Ahly wanavaa nyekundu kama Simba, Sundowns wanavaa njano kama Yanga. Kwa hiyo mnazi wa Yanga alitakiwa ashangilie wekundu Ijumaa, na mnazi wa Simba ashangilie njano kesho yake. Watu walifanya hivyo, lakini angalia kwa namna gani: wengi walivaa nyeupe, au bluu, au koti juu ya jezi. Furaha ya kukodi haifiki kwenye ngozi. Ijumaa iliyofuata timu zetu zote mbili zikatoka usiku mmoja, Simba kwa 2-0 Cairo, Yanga kwa penalti Pretoria baada ya lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudundia chini, goli likakataliwa. Asubuhi hakuna aliyekuwa na wa kumcheka. Hilo ndilo tatizo la timu ya kukodi: inalipa pale tu wewe mwenyewe huna msiba. Timu ya mkeka, ile uliyoibetia, ni ya ukoo huohuo, ina maisha ya dakika 90 na inaachwa mkeka ukichanika. Siiweki kwenye hesabu.

Na la mwisho ni lako, timu ya nyumbani. Hapa sharti linabana kweli, maana Mbeya City, Coastal Union, Kagera Sugar au Pamba zinacheza ligi moja na Simba na Yanga zinapokuwa daraja moja. Historia yao si ndogo. Tukuyu Stars ilichukua ubingwa 1986, Coastal 1988, Mtibwa 1999 na 2000. Mbeya City ilipopanda ilimaliza ya tatu msimu wake wa kwanza, 2013/14, na mji mzima ukawa zambarau. Lakini mashabiki wake wengi walikuwa na kadi ya pili mfukoni, ya Simba au Yanga. Kigogo akifika, uwanja unajaa na wenyeji wanajikuta wachache nyumbani kwao. Klabu inapata kiingilio kinene mara mbili kwa msimu, mechi nyingine majukwaa yanaonyesha saruji.

Zanzibar ndiko mambo yamekaa vizuri zaidi, na sababu ni muundo tu. Unguja na Pemba zina ligi yao, kwa hiyo mtu anakuwa Mlandege au KMKM na wakati huohuo Simba au Yanga, bila mgongano karibu mwaka mzima. Mgongano unakuja Januari, Kombe la Mapinduzi. Fainali ya 2024 Mlandege iliifunga Simba 1-0 pale Amaan na kutetea kombe lake. Kwa mwenye kadi zote mbili, usiku huo ndio kipimo: goli likiingia, unasimama au unabaki umekaa?

Kwa hiyo ichukue Mbeya City, mkuu, hakuna atakayekucheka isipokuwa watani, na hao wangekucheka hata hivyo. Lipa kiingilio mechi zake ndogo, zile za Jumatano na timu isiyo na jina, kwa sababu ndizo zinazoihitaji pesa yako. Usimpe mtu ahadi kuhusu siku ya Simba. Siku hiyo ikifika, pale Uwanja wa Sokoine Mbeya, nenda mapema, kaa katikati ya jukwaa, na usivae rangi yoyote.